Dawa ya tairi na dawa ya raba za milango: ipi iende wapi

Masika ya mwaka juzi nilifungua buti la gari nikakuta zulia limelowa chapachapa. Gari ni Toyota IST ya 2004, halijawahi kugongwa, na buti lilikuwa linafunga vizuri. Fundi hakuhangaika kutafuta. Alishika raba inayozunguka mlango wa buti, akaivuta kidogo, ikamfuata mkononi laini na imevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Akanipa niinuse. Dizeli.

Kwa miezi mingi nilikuwa naoshea gari sehemu moja ambako kijana alimaliza kazi kwa kupitisha tambara lile lile kila mahali: matairi, bampa, kisha raba za milango na buti. Alifanya hivyo kwa moyo mweupe, gari lipendeze. Chupani mwake mlikuwa na dizeli iliyochanganywa na oili chafu, mchanganyiko unaotumika sehemu nyingi za kuoshea magari kwa sababu ni rahisi kupatikana na unalipa tairi weusi wa kuvutia.

Tangu siku hiyo nimejaribu dawa nyingi, za dukani na za mtaani, juu ya gari ambalo linaegeshwa nje Kigamboni, juani, upepo wa bahari ukilipiga kutwa. Mwenye haraka achukue jibu langu hapa: tairi lipakwe dawa nyeupe ya maji, raba za milango zipakwe silikoni tupu na kwa kiasi kidogo sana, na tambara la tairi lisiguse mlango. Mwenye nafasi tuendelee, maana sababu zake ndizo zitakazokusaidia siku utakapokutana dukani na chupa ambayo mimi sijaitaja.

Raba zenyewe hazifanani

Tairi limetengenezwa kwa raba ya asili, ile ya utomvu wa mti wa mpira, ikachanganywa na raba za kiwandani pamoja na masizi meusi. Masizi hayo ndiyo yanayolipa rangi, nguvu na sehemu kubwa ya kinga dhidi ya jua. Adui mwingine wa tairi ni ozoni, gesi inayojitengeneza karibu na ardhi pale moshi wa magari unapokutana na jua kali. Ozoni hukata minyororo ya raba mahali inapovutika, na matokeo yake ni vile vinyufa vyembamba tunavyoviona ubavuni mwa tairi.

Viwanda vinalijua hilo, kwa hiyo huchanganya ndani ya tairi nta maalumu na kemikali ya kupambana na ozoni, inayotumika sana ikiwa ile iitwayo 6PPD. Vitu hivi husafiri polepole kutoka ndani ya raba kuja juu, na tairi linapozunguka na kujikunja vinasukumwa zaidi. Kemikali hiyo ikishafanya kazi yake hugeuka kahawia. Kwa hiyo ule ukahawia unaorudi kila wiki kwenye tairi, ambao wengi tunaudhani ni vumbi lililogoma kutoka, kwa sehemu kubwa ni kinga ya tairi iliyokwisha kutumika. Hapo pia utaelewa kwa nini gari lililolala miezi kadhaa bila kutembea hupata vinyufa kuliko lile la kila siku, hata kama la kila siku lina kilomita nyingi.

Raba za milango ni jamii nyingine. Kwenye magari mengi ya leo ni aina iitwayo EPDM, raba ya kiwandani ambayo minyororo yake mikuu haina ile sehemu dhaifu ambayo ozoni huitafuta. Inastahimili jua, maji na joto kwa miaka mingi. Ndiyo maana unaweza kununua gari lililotoka Japani likiwa na umri wa miaka 15 na zaidi, raba za milango bado zinabana vizuri.

Lakini EPDM ina udhaifu mmoja mkubwa: haivumilii mafuta yatokanayo na mafuta ghafi. Dizeli, petroli, mafuta ya taa, oili ya injini, grisi ya kawaida, hata mafuta ya kupaka ya Vaseline, yote hayo inayanywa. Ikishayanywa inavimba, inalainika na kupoteza umbo, na raba isiyo na umbo haizibi maji. Raba ya asili iliyomo kwenye tairi nayo haiyapendi mafuta hayo, ila tairi ni nene na kuumia kwake kunachelewa kuonekana. Raba ya mlango ni nyembamba, ina uwazi ndani, na hauchukui muda kuiharibu.

Nyeupe ya maji na ile angavu

Dukani, dawa za tairi ziko za aina nyingi kwa majina, lakini kimsingi ni familia mbili.

Ya kwanza ina rangi ya maziwa. Hiyo ni silikoni iliyosagwa kuwa matone madogo sana ndani ya maji. Ukipaka, maji yanakauka na silikoni inabaki juu ya raba. Mng'ao wake ni wa kiasi, tairi linaonekana jeusi kama jipya la dukani, si kama limelowa. Haina kiyeyushi cha kuivuta nta ya tairi, na hata ikigusa raba ya mlango au plastiki ya bampa hakuna madhara. Udhaifu wake ni mvua: ikinyesha kabla dawa haijakauka, kazi yote inakwenda na maji. Ikishakauka inavumilia manyunyu, ingawa kwenye barabara yenye matope usitarajie zaidi ya wiki moja au mbili.

Ya pili ni angavu, inamwagika kama mafuta na inanuka kama thina. Humo silikoni imeyeyushwa kwenye kiyeyushi kitokanacho na mafuta ghafi. Inang'aa hasa, kile king'aro cha kulowa, na inabaki hata baada ya mvua mbili tatu. Nisiwe mwongo: sijaona tairi lililokufa kwa sababu ya dawa hii peke yake, na chupa nzuri ikitumika mara moja kwa miezi kadhaa sidhani kama itakuletea shida. Ninachokipinga ni kuitumia kila wiki, maana kiyeyushi kinafuta ile nta ambayo tairi limejitolea lenyewe, na pia tabia yake ya kurushwa. Tairi likishika kasi, dawa iliyozidi inaruka na kuacha mstari wa madoa meusi nyuma ya kila gurudumu. Kwenye gari jeupe utaufuta mpaka uchoke. Halafu vumbi: king'aro cha kulowa kinakamata vumbi la barabara ya udongo kama gundi, na jioni tairi lina rangi ya kahawia kuliko kabla hujapaka.

Kwa anayeishi penye vumbi, basi, ile nyeupe inashinda bila ubishi. Anayeishi penye lami tupu na anataka gari la harusi Jumamosi moja, ile angavu ina nafasi yake, mradi aipake tairi tu na aifute iliyozidi.

Kuzitambua: lebo nyingi zimeandikwa Kiingereza, hivyo tafuta maneno “petroleum distillates” au “naphtha”, na alama ya moto ndani ya pembe nne yenye mipaka myekundu. Ukiyaona, umeshika familia ya pili. Kwenye makopo ya kupuliza usitegemee alama ya moto peke yake, kwa kuwa gesi inayosukuma dawa nayo huwaka, na alama itakuwepo hata kama dawa yenyewe haina ubaya. Hapo soma maneno.

Katika familia zote mbili utakuta umbo la maji, la jeli na la povu. Jeli ndiyo ninayoipenda kwa tairi, kwa sababu unaiweka kwenye sponji na inakaa pale ulipoiweka. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha tairi moja la gari dogo. Povu la kopo ni la haraka, lakini linaruka hadi kwenye rimu na diski ya breki, na silikoni kwenye diski ya breki ni hatari. Ukiwa huna budi kutumia kopo, pulizia kwenye sponji, usipulizie tairi.

Za mtaani

Dizeli na oili chafu nimeshazisema. Oili chafu ina pia vipande vidogo vya chuma na mabaki ya injini, na aliyeipaka anaibeba mikononi mwake siku nzima bila glavu. Hilo linaniuma kuliko raba yangu.

Mafuta ya breki yanatoa weusi mzuri sana, na la ajabu ni kwamba EPDM inayavumilia. Raba nyingi za ndani ya mfumo wa breki ni za EPDM hiyo hiyo. Lakini yanababua rangi ya gari. Tone moja likidondoka kwenye mlango na kuachwa, rangi inajikunja na kuinuka. Ni sumu pia yakinywewa, na chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa mafuta ya breki sehemu yenye watoto haifai kuwepo kabisa. Yaache yafanye kazi yake ya breki.

Kiwi nyeusi ya viatu ina nta na kiyeyushi, inaficha weupe wa tairi kuukuu kwa siku chache, na inahamia kwenye suruali ya kila anayeegemea gari. Hailindi chochote cha maana.

Gliserini ndiyo pekee kati ya za mtaani ninayoweza kumshauri mtu. Inauzwa kwenye maduka ya dawa na vipodozi, inachanganyika na maji, haiumizi raba yoyote iliyopo kwenye gari. Changanya nusu kwa nusu na maji, paka kwa sponji. Mng'ao ni hafifu na mvua ya kwanza inaiondoa, tena kwa kuwa gliserini huvuta unyevu wa hewani, kwenye joto la pwani tairi linabaki na ule ubichi unaokamata vumbi. Kwa siku moja ya shughuli inatosha.

Kwenye milango, madirisha na buti

Hapa lengo hubadilika. Raba ya mlango haihitaji kung'aa. Hakuna anayeiona mlango ukiwa umefungwa. Inahitaji kuwa safi, isinate, na ibaki na umbo lake. Dalili ya kwamba inahitaji dawa ni ile sauti ya kubanduka, prrr, unapofungua mlango baada ya gari kukaa juani saa nyingi. Raba ikinata na kuvutwa hivyo kila siku, mwisho inachanika kwenye kona.

Nimetumia vitu vinne. Kopo la silikoni ya kupuliza linapatikana kwa urahisi kwenye maduka ya spea, na kama lebo inasema silikoni tupu, basi kwa gari la kawaida huhitaji kitu kingine. Pulizia kitambaa, pitisha kitambaa kwenye raba, ngoja dakika tano, futa kwa kitambaa kikavu. Grisi ya silikoni, kama ile ya Shin-Etsu ya Japani ambayo wenye Honda wanaisifu sana kwa raba za milango, inadumu miezi mingi. Ila ukizidisha inakuwa mtego wa mchanga, na wewe uliye ufukweni mchanga haukosi. Gummi Pflege ya Ujerumani, chupa ndogo yenye sponji mdomoni, ilitengenezwa ikifikiria nchi ambako mlango unaganda kwa barafu asubuhi. Kwetu barafu hakuna, lakini sponji yake inaingia kwenye kila mfereji na humwagi hata tone. Ni starehe kuitumia, ingawa hailingani na ugumu wa kuipata. Nne ni 303, dawa ya maji yenye kinga ya jua, ambayo inakubali tairi na raba za milango kwa pamoja. Mtengenezaji wake anataka irudiwe kila baada ya wiki chache, kwa hiyo ni ya mtu mwenye ratiba. Kama ningelazimishwa kuwa na chupa moja tu ndani ya gari, ningechukua hiyo.

Watu wengi huniuliza kuhusu Vaseline na WD-40. Vaseline inatokana na mafuta ghafi, na nimekwisha eleza EPDM inafanya nini ikiyapata. Kopo la kawaida la WD-40 ni zuri kwa bawaba na nati zilizoshika kutu, lakini sehemu yake kubwa ni mafuta ya jamii hiyo hiyo. Tone likidondokea raba halileti msiba, ila kuipaka kila mwezi kama matunzo si sahihi. Kampuni hiyo inatengeneza pia kopo la silikoni, na hilo ndilo la raba. Yanafanana kwa mbali, soma kabla ya kulipa.

Poda ya kawaida ya mtoto iliyopakwa kwa kitambaa kikavu nayo inazuia kunata. Inaacha weupe kwenye nguo, lakini siku ya dharura inafaa.

Vioo vya umeme vinavyopanda kwa kusuasua mara nyingi havina tatizo la mota. Mfereji wa raba umekauka na kujaa vumbi. Safisha mfereji kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke, kisha pulizia silikoni inayokauka kwa kutumia ule mrija mwembamba wa kopo. Usiweke grisi hapo, kwani vumbi likishika grisi linageuka msasa na kioo kinapata mikwaruzo ya wima isiyofutika.

Silikoni isipelekwe kwenye raba za waipa wala kioo cha mbele, la sivyo usiku wa mvua utaona ukungu wa mafuta mbele yako kila waipa ikipita. Raba hizo zifute kwa maji ya sabuni tu. Isiguse pedali na usukani. Na kama gari linakwenda kupigwa rangi, mwambie fundi rangi mapema, maana mabaki ya silikoni hufanya rangi mpya ijitenge na kuacha vishimo vidogo vidogo.

| Dawa | Ubavu wa tairi | Raba za milango | Mvua |
|---|---|---|---|
| Nyeupe ya maji | Chaguo la kwanza | Inafaa | Inastahimili ikikauka kwanza |
| Angavu yenye kiyeyushi | Mara chache tu | Hapana | Inadumu |
| Silikoni tupu ya kupuliza | Inafaa, inapauka haraka | Chaguo la kwanza | Inastahimili |
| Grisi ya silikoni | Hapana | Inafaa, kidogo mno | Inadumu |
| Gliserini na maji | Kwa siku moja | Haiumizi | Inaondoka |
| Dizeli, oili chafu, Vaseline | Hapana | Hapana kabisa | – |

Kabla ya kupaka, na wakati wa kutopaka

Dawa yoyote ikipakwa juu ya uchafu inashika uchafu. Sugua ubavu wa tairi kwa brashi na maji ya sabuni. Povu la kwanza litatoka kahawia, suuza, rudia mpaka povu libaki jeupe, kisha acha tairi likauke. Nusu ya watu wanaosema dawa ya maji haidumu wameipaka juu ya mabaki ya dizeli ya wiki iliyopita.

Kuna tairi ambalo halihitaji dawa bali kutupwa. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Michelin wanashauri tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu litengenezwe liondolewe hata kama linaonekana zima. Ukinunua gari yadi, futa matairi kwa kitambaa chenye sabuni kabla ya kuyakagua. Weusi unaong'aa hufunika vinyufa vizuri sana. Angalia pia neno STUDLESS, kwani magari mengi yanashuka bandarini na matairi ya theluji ya Japani, ambayo raba yake ni laini kwa ajili ya baridi na kwenye lami ya moto ya Dar inalika haraka.

Raba ya mlango iliyokwisha vimba nayo hairudi. Nilijaribu kuiosha na kuianika wiki nzima, ikapungua kidogo tu. Niliweka nyingine iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa, ikakaa sawasawa kwa kuwa ilikuwa ya IST pia. Zile zinazouzwa kwa mita hazilingani na kona za buti hili.

Kijana wa kule ninakooshea bado ndiye anayeliosha gari. Nilimpelekea chupa ya dawa nyeupe, sponji la tairi na vitambaa viwili vya rangi tofauti, nikamweleza habari ya dizeli na ile raba, nikamwonyesha kipande chake nilichokihifadhi. Alikibonyeza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, “Kaka, na tairi za pikipiki yangu je? Maana huwa nazipaka zote, mpaka juu.” Tukaenda kuitazama ilipoegeshwa kivulini. Tairi la mbele lilikuwa linang'aa mpaka sehemu inayogusa barabara, na pikipiki inapolala kwenye kona ni pembeni pale pale inaposhika lami. Tulichota ndoo mbili za maji ya sabuni, tukasugua moja baada ya nyingine mpaka raba ikarudi kuwa kavu na butu, ndipo akaiwasha akaenda kuchukua abiria.